Mwenyekiti Amesema Ndiyo

Jumanne, 14 Machi

Mwalimu wa matamshi amenipa kazi ya nyumbani, mimi mtu mzima mwenye mvi kichwani. Anataka niandike kila siku maneno aliyoyasema Baba. Nilimwambia hiyo ni kazi ya dakika moja, maana tangu Baba apatwe na kiharusi mwezi wa kwanza amebakiwa na neno moja tu, nalo ni "ndiyo". Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Juzi Mama alimuuliza kwa mzaha kama bado anamkumbuka yule msichana aliyemposa kabla yake, akajibu ndiyo, na Mama akanuna mpaka jioni.

Daftari ni kubwa na neno ni moja, kwa hiyo nafasi itakayobaki nitaitumia kulalamika. Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi ni dobi. Sababu sitazikosa.

Maneno ya Baba: ndiyo.

Ijumaa, 17 Machi

Mwalimu wa matamshi ni binti mpole, na ninamwamini kwa sababu hasemi sana. Leo amenieleza kwamba wapo wagonjwa waliopoteza usemi, lakini yale maneno waliyoyazoea, waliyoyasema maisha yao yote bila kufikiri, bado yamo ndani yao. Wakiisikia sauti yao wenyewe ikiyatamka, kila siku, pengine moja litachomoka, na likichomoka moja mengine huenda yakapata njia. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini zaidi, tusikawie. Kisha akauliza kama tunayo sauti ya Baba popote pale.

Nilicheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Baba alikuwa mwenyekiti wa kila kitu: kamati ya wazazi, kamati ya maji ya mtaa, kamati ya mazishi, na nyumbani kwake mwenyewe. Vikao vyake vilikuwa na ajenda, vilifunguliwa na vilifungwa. Na kila alipokaribia kufunga alinyanyua kidole akasema, "Na jambo la mwisho," hapo watu wakajua bado nusu saa. Watoto wa mtaani walimpa jina la Jambo la Mwisho. Alilijua, na sidhani kama lilimuudhi.

Siku ya harusi ya Kaka alihutubia mpaka barafu ikayeyuka kwenye vinywaji. Jambo la mwisho lilikuja mara tatu. Lilipokuja la nne, Kaka, bwana harusi mwenyewe, alimkonyeza fundi wa muziki, kipaza sauti kikazimwa na muziki ukafunguliwa. Watu walicheka. Baba naye akacheka, akakaa. Yote hayo yamo kwenye mkanda wa video, na huo ndio mkanda pekee wenye sauti yake.

Mkanda upo kabatini kwa Mama. Deki ya kuuchezea ilikufa zamani. Na nilipoufungua leo nimeona madoa meupe ya ukungu pembeni mwa utepe. Madoa ya namna hiyo nayajua vizuri, ndiyo maadui zangu kila masika.

Maneno ya Baba: ndiyo.

Jumamosi, 18 Machi

Mwenye studio ya picha za harusi aliutazama mkanda akanirudishia kwa vidole viwili. Anasema mkanda wenye ukungu huchafua mashine, na mashine zake ndizo zinazomlisha. Hata nikimlipa mara mbili hataki. Basi itabidi tununue deki yetu wenyewe, ile inayorekodi kwenye diski, maana mwalimu wa matamshi ana mashine ya diski tu ofisini kwake.

Kununua maana yake ni kikao. Nimechoka hata kabla hatujakaa.

Baba: ndiyo.

Jumapili, 19 Machi

Sheria ya Baba ni kwamba hakinunuliwi kitu cha nyumba nzima mpaka familia ikae, kila mtu atoe hoja, na mwenyekiti aseme. Sheria hiyo ilikuwa na maana wakati mwenyekiti alipokuwa na maneno zaidi ya moja.

Tuliokaa leo ni Mama, mimi, na Kaka, msimamizi wa ghala, mtu ambaye hajawahi kuiona bei asiiombee punguzo. Alikuwepo pia mdogo wangu na mumewe, fundi friji, shemeji tunayemwita Injinia. Tulianza kumwita hivyo kwa utani, naye akaitika siku ileile. Pesa ni za mchango na ni kidogo. Hilo peke yake ndilo hatukulibishania.

Kaka anataka deki ya bei ya chini kabisa, inayorekodi diski na basi. Injinia anataka yenye hadidiski, yaani ghala lake la ndani ambamo unahifadhi picha za siku nzima nzima, halafu unakata usichokitaka kabla ya kuchoma diski yako. Nilimuuliza tuna picha gani za siku nzima. Alijibu kwamba teknolojia hainunuliwi kwa mahitaji ya leo. Mimi nataka yenye midomo miwili, mmoja wa mkanda na mmoja wa diski, maana jamani, deki ya Kaka haimezi mkanda, deki ya Injinia haimezi mkanda, na kitu pekee tulicho nacho ni mkanda. Kaka akasema deki ya mkanda tutaazima. Kwa nani, hakusema.

Kisha akamgeukia Baba kwa adabu zote. "Mwenyekiti, tuchukue hii ya bei nafuu?"

Ndiyo. Injinia naye akauliza kuhusu yenye hadidiski. Ndiyo. Nikauliza yangu. Ndiyo. Kila mtu akaondoka na kura ya mwenyekiti mfukoni.

Maneno ya Baba: ndiyo, mara nyingi kuliko kawaida.

Jumatatu, 20 Machi

Ndiyo. Mvua kutwa. Mashuka ya nyumba ya wageni yana siku ya pili kwenye kamba za ndani na bado yanadondosha maji.

Jumatano, 22 Machi

Nimekwenda na Kaka na Injinia kwenye mtaa wa vifaa vya umeme, kosa ambalo sitalirudia. Muuzaji ni mtu wa tabasamu la kudumu. Alituonyesha deki tatu, kila moja akisema ndiyo ya mwisho kubaki. Injinia alizigeuza akakagua matundu ya nyuma. Kaka aliuliza bei ya kila moja, kisha bei ya kila moja bila boksi, kisha bila rimoti. Muuzaji akamwambia kwenye deki hizi rimoti ndiyo kila kitu. Kaka akasema basi bila boksi.

Halafu zikaja diski. Ziko zenye alama ya kujumlisha na zenye alama ya kutoa, ziko za kuandika mara moja na ziko za kufuta na kuandika tena, na si kila deki inakubali kila diski. Kaka alitaka kujua tofauti ya kujumlisha na kutoa. Muuzaji alifikiri, akasema hii ina kujumlisha. Injinia alipoanza kueleza kwa kirefu nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, angalau mvua haina hoja.

Tumerudi mikono mitupu. Baba: ndiyo.

Jumapili, 26 Machi

Kikao cha pili. Injinia amekuja na mchoro. Kaka amekuja na kipande cha gazeti chenye tangazo la mashine ambayo hakuna duka lililo nayo. Mdogo wangu, ambaye wiki iliyopita hakusema lolote, sasa anataka isiyo nzito kwa sababu mguu wa meza ya televisheni umelegea. Nilisema mguu unagongewa msumari. Tukazungumzia msumari mpaka chai ikaisha.

Mwenyekiti amesema ndiyo kwa mchoro, kwa gazeti na kwa msumari. Mama alisema mchagua nazi hupata koroma, akaenda kulala.

Alhamisi, 30 Machi

Ndiyo. Bwana harusi mmoja alikuja kuchukua suti yake, haijakauka. Alinitazama kana kwamba mvua ni yangu.

Jumapili, 2 Aprili

Hakuna kikao. Kaka ana mafua. Ndiyo.

Jumatano, 5 Aprili

Leo nilikaa kwenye somo la Baba. Mwalimu alimwonyesha picha ya kikombe. Baba alikitazama, mdomo ukajiandaa, mshipa wa shingo ukasimama, na likatoka neno lile lile, "ndiyo". Alijua silo. Alijaribu tena, likatoka lile lile, na machozi yakaanza kumtiririka bila sauti. Mtu huyu nimemwona akiongoza mazishi ya ndugu zake wawili na macho makavu.

Mwalimu alinisindikiza mlangoni, akauliza habari za mkanda. Nikamwambia bado tunachagua mashine.

"Bado?" aliuliza.

Nimerudi na hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa wanaongoja ni wengine na linaloumia ni tumbo la Baba. Mchagua jembe si mkulima, na sisi tumekaa wiki tatu tukipapasa mpini.

Jumapili, 9 Aprili

Kikao cha tatu. Injinia amelegeza kamba, sasa yuko tayari kukubali hadidiski ndogo. Kaka ana hoja mpya kabisa: tungoje mvua ziishe, bei zitashuka. Nilimuuliza ni lini bei ya deki ilianza kufuata mawingu. Akasema biashara naijua ya mashati tu. Hapo nikapandisha sauti, jambo ambalo mbele ya Baba hatukulizoea.

"Kaka, utazame huu mkanda," nilimwambia. "Ukungu ukiumaliza, utarekodi nini? Kikao?"

Aliuchukua. Nilidhani atatazama madoa, lakini alitazama karatasi iliyobandikwa juu, yenye jina lake na la mkewe na tarehe. Kisha akaulaza mezani kifudifudi, akasema nyumba hii haiendeshwi kwa makelele. Mdogo wangu akamuuliza mwenyekiti kama tuahirishe. Ndiyo.

Mkanda nimeondoka nao. Kuanzia leo utakaa kwangu chumba cha pasi, rafu ya juu, mbali na mvuke. Ndicho chumba pekee kikavu ninachokifahamu msimu huu.

Jumanne, 11 Aprili

Mdogo wangu alileta magauni yake, na umbea kidogo. Anasema mke wa Kaka amemwambia kwamba tangu waoane Kaka hajawahi kuutazama mkanda ule, hata siku moja. Wageni wakiuliza picha za harusi, hukumbuka kazi ghalani. Na tangu Baba anyamaze, usiku halali vizuri.

Nilinyoosha kola moja mara mbili nikiwaza. Miaka yote namwona Kaka ni bahili. Bahili ni bahili, hilo silifuti. Lakini sidhani tena kwamba ubahili ndio unaoichelewesha deki hii. Anaogopa kulisikia lile jambo la nne.

Namwonea huruma. Hasira nayo haijaisha, zinakaa pamoja. Baba: ndiyo.

Jumamosi, 15 Aprili

Kaka aliingia chumba cha pasi bila kubisha hodi, nguo zimelowa, akasimama akiitazama pasi.

"Nimenunua," alisema. "Ile yako, ya midomo miwili. Imetumika kidogo."

Bila kikao. Bila kura. Kaka yangu. Nilimwambia aningoje nifunge duka twende pamoja, akasema hapana, atarekodi kwake leo, mkewe amesafiri, anataka afanye peke yake. Nikaushusha mkanda rafuni nikampa. Nilikosa la kusema, na kwa nyumba yetu siku hizi hilo si jambo la kulifanyia mzaha.

Baba: ndiyo.

Jumatatu, 17 Aprili

Kaka ameleta diski moja ndani ya bahasha, na mkanda ndani ya mfuko wa plastiki, utepe wote umetoka nje umejikunja. Anasema deki iliucheza mpaka karibu na mwisho, halafu ikautafuna. Lakini hotuba ilishapita, imo kwenye diski. Nilimuuliza kama picha ni nzuri. Akasema sauti ipo. Macho yake yalikuwa mekundu na safari hii hakusingizia mafua.

Nikamuuliza deki yenyewe iko wapi, tumwekee Baba leo leo. Uso ukamng'aa kidogo. Amekwisha irudisha dukani! Muuzaji alimpa siku za kuijaribu, kazi imekwisha, pesa amerudishiwa zote, hata ya boksi aliloongezewa. Alinieleza kwa fahari ya mtu aliyemzidi akili tajiri. Nikamshukuru, Mungu anisamehe.

Jumanne, 18 Aprili

Nimepeleka diski kwa mwalimu wa matamshi. Mashine yake iliizungusha, ikanguruma, ikaandika kwamba hakuna diski. Tukaifuta kwa kitambaa, tukairudisha. Hakuna diski. Baba alikaa mbele ya kioo cheusi akisema ndiyo.

Nikaikimbiza kwa mdogo wangu, deki yake nayo ikaikataa. Injinia alirudi kutoka kazini akaikuta mikononi mwangu. Aliiinamisha kwenye mwanga, akaniuliza, "Aliifunga?"

Kumbe diski ya kurekodi, ukimaliza, lazima uiamuru deki iifunge. Bila hivyo inasomeka kwenye deki iliyoirekodi tu, zingine zinaiona tupu. Na ya kuifunga ni deki ile ile. Nikampigia Kaka. Akasema ni kweli, kwenye kioo lilitokea swali, na yeye akabonyeza hapana, kwa sababu maswali ya mashine mara nyingi ni ya kukuuzia kitu.

Nilikaa kwenye kiti nikawachukia wote, mmoja mmoja, kuanzia mwenye studio. Mdogo wangu akasema maji yakimwagika hayazoleki. Injinia ndiye aliyembishia. Akasema haya hayajamwagika, yamo kwenye kopo, tunachotafuta ni kifuniko. Kesho asubuhi tunakwenda dukani.

Baba: ndiyo.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua ya leo ilikuwa ya kumwagwa kwa ndoo. Diski niliifunga ndani ya mfuko wa nailoni wa kufungashia suti, nikauweka kifuani chini ya koti, na mwavuli nikaushika chini chini kiasi kwamba nilikuwa naona miguu ya watu tu. Injinia alinifuata nyuma akinionya kila dimbwi.

Deki ilikuwepo dirishani, bei juu kuliko aliyolipa Kaka. Nilitaka kuibusu. Muuzaji tabasamu lake lilipungua alipotusikia. Yupo mteja ameahidi kurudi, alisema. Nikamwambia na sisi ndio tumerudi. Akasema kuifungua waya na kuiunganisha ni kazi. Nikamwambia hana haja ya kuhangaika, nitamngojea mteja wake hapa hapa mlangoni nimsimulie habari za mkanda wetu na jinsi ulivyotafunwa. Mwavuli wangu ulikuwa unamwagia maji zulia lake. Akaenda kutafuta waya.

Injinia akaketi mbele ya ile deki na rimoti mkononi. Miaka kumi na kitu tunamcheka, na leo ndipo nimeiona mikono yake ikifanya kazi. Ilikuwa mikono isiyo na papara. Alisoma kila mstari kwenye kioo kwa sauti ndogo, akarudi nyuma, akasoma tena. Likaja lile swali ambalo Kaka alilikataa. Akanitazama.

"Shemeji, umeme ukikatika katikati tumeipoteza," alisema. "Nibonyeze?"

Nikasema abonyeze. Ukatokea mstari mwembamba ukaanza kujaa polepole. Nje radi inapiga. Taa zikafifia, tukashika pumzi, zikarudi. Muuzaji mwenyewe alikuwa ameinama ameishikilia plagi ukutani kwa mikono miwili, sijui ili umeme usitoroke. Mstari ukajaa. Diski ikatoka, tukaitia kwenye deki nyingine ya kawaida iliyokuwa inauzwa pembeni, na picha ikatokea.

Jamani, ile picha. Kaka alikuwa amechagua kurekodi kwa kipimo cha saa nane, kile kinachobana kila kitu ili diski moja imeze mengi. Harusi ni ya saa mbili. Amebakiza nafasi ya saa sita za hewa, na kwa ajili ya hewa hiyo harusi nzima imekuwa kitambaa cha mirabaraba. Bibi harusi ni miraba myeupe inayotembea. Huwezi kumtofautisha Mama na keki. Injinia alifumba macho kama mtu anayeumwa jino, na mkanda umekwisha tafunwa, hakuna kurudia. Nilitaka kumpigia Kaka nimwambie yote yaliyokuwa moyoni tangu tukiwa watoto.

Kisha Baba akazungumza.

Sauti ilikuwa safi. Ilijaa duka zima, ile ile nene yenye mkwaruzo, ikiwashukuru wageni wa mbali na wa karibu. Muuzaji alizima redio yake bila kuambiwa. Injinia akaninong'oneza kwamba kipimo cha saa nane huiba picha, sauti hakiigusi sana. Nililia pale dukani nimesimama, na sikuona aibu. Tangu leo nikimwita Injinia simtanii.

Maneno ya Baba: ndiyo. Lakini nimeyasikia mengine.

Jumapili, 23 Aprili

Mdogo wangu ametuazima deki yake. Tulikaa wote, Kaka alisimama mlangoni kama mtu anayepita tu. Baba aliinamisha kichwa upande mmoja. Ilipokuja sauti yake alimtazama Mama, akaitazama televisheni, akamtazama tena Mama.

Jambo la mwisho la kwanza, watu wa kwenye harusi wakaguna. La pili na la tatu wakacheka. La nne sauti ikakatika katikati ya neno, muziki ukaingia. Miraba yenye umbo la Baba iliendelea kusimama, mkono juu, halafu ikakaa.

"Mimi ndiye niliyemkata," alisema Kaka kutoka mlangoni.

Tulikuwa tunajua sote. Baadaye Mama akamwambia aingie akae, anazuia mwanga.

Baba: ndiyo.

Jumatatu, 24 Aprili

Ndiyo. Tunamwekea asubuhi na jioni.

Ijumaa, 28 Aprili

Ndiyo. Mashuka yamenuka unyevu, nayafua upya kwa gharama yangu. Majirani wameikariri hotuba.

Alhamisi, 4 Mei

Ndiyo. Kwenye "jambo" midomo yake inakutana. Haitoki sauti. Mwalimu anasema tuendelee, Injinia anasema tuongeze spika, Kaka hasemi kitu ila anakuja kila jioni akitoka ghalani, na ndiye anayebonyeza rimoti.

Jumatano, 10 Mei

Ndiyo. Watoto wa mdogo wangu wanataka deki yao. Itabidi tununue nyingine, ya kuchezea diski. Yaani kikao. Nilipoambiwa niliegemea meza ya pasi nikacheka peke yangu.

Jumapili, 14 Mei

Naandika haya mezani, wote wakiwa bado wamekaa.

Injinia alikuja na mchoro. Anataka inayocheza na kurekodi pia. Mdogo wangu alirudia habari za mguu wa meza, ambao haujagongewa msumari mpaka leo. Mimi nilisema nunueni yoyote, hata ya kuchezwa kwa kamba. Kaka, mtu wa bei ya chini, akasema tumfuate Injinia, yaishe. Sote tukamtazama tuone kama anaumwa. Nje mvua ilikuwa imebaki matone tu kwenye bati.

Mdogo wangu akauliza kama kawaida, "Mwenyekiti, tuchukue hiyo?"

Baba hakusema ndiyo. Hakusema kitu. Tukangoja kidogo, kisha Kaka akasimama, akaanza kukusanya vikombe, akasema basi, tufunge.

Baba akanyanyua kidole, cha mkono wa kushoto, ule mzima. Mdomo ukajiandaa, mshipa wa shingo ukasimama. Nilijua litakalotoka, tumelisikia tangu mwezi wa kwanza.

"Na," alisema Baba. Akavuta pumzi. "Na jambo. La mwisho."

Halikutoka zuri. "Jambo" lilikuwa zito na "mwisho" lilikosa mwisho wake. Lakini lilitoka lote, na deki ilikuwa imezimwa.

Kaka alikuwa amesimama na vikombe mikononi. Alivirudisha mezani kimoja kimoja bila kuvigonganisha, akavuta kiti karibu na cha Baba, akakaa.

"Tunakusikiliza, Baba," alisema. "Sema mpaka umalize."

Baba analitafuta hilo jambo. Ninamwona akilitafuta. Mama amemshika ule mkono mwingine, Injinia amekunja mchoro wake, chai imepoa na hakuna aliyeigusa. Sijui kama atalipata leo. Kidole bado kiko juu.

Maneno ya Baba: na jambo la mwisho.

Kikao hakijafungwa.